Muuza Friji Anatulipia Nini?

Kabla ya matangazo tulikuwa na kware. Shemeji yangu aliwaleta kwenye maboksi, akawapanga barazani, akatuhakikishia kwamba mayai yao yangetujengea nyumba Kigamboni. Kabla ya kware kulikuwa na sungura. Wote tuliishia kuwala wenyewe, na baraza ikabaki na harufu ambayo hata masika hayajaiondoa. Kwa hiyo jioni ile aliposimama katikati ya sebule yetu ya Tabata, akapunguza sauti ya televisheni taarifa ya habari haijafika michezo, akasema, "Familia, nina jambo," mimi niliinuka kwenda kuangalia maharage. Haikusaidia. Nyumba yetu si kubwa, na sauti ya shemeji hupita ukutani.

"Safari hii hatufugi kitu," alisema. "Hakuna pumba, hakuna chanjo. Unatazama tangazo kwenye simu, unalipwa. Basi."

Mpango ulikuwa hivi. Unajiunga kwa shilingi 50,000. Kila siku unafunguliwa matangazo matano, na kila tangazo utakalolitazama mpaka mwisho linakuingizia 300. Hiyo ni 1,500 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Yapo madaraja ya juu, ya laki moja na nusu, ya laki sita, mpaka moja lenye taji la dhahabu ambalo bei yake shemeji aliitaja kwa kunong'ona. Ukileta watu, unakula asilimia kumi ya viingilio vyao, na kidogo kwenye viingilio vya watakaoletwa na hao. Siku ya kutoa hela ni Jumanne.

Na siku ile ilikuwa Jumanne, shemeji si mjinga. Aliigeuza simu ili wote tuone, akabonyeza "toa", akaiweka mezani kati ya kikombe cha chai na dawa za mama mkwe. Tukanyamaza. Hata mwanangu Juni aliacha kugombana na dada yake. Simu ikalia: umepokea shilingi 13,500. Mama mkwe, aliyekuwa ameletwa kutoka Muheza kufanyiwa upasuaji wa jicho na bado alikuwa amefungwa bandeji upande mmoja, aliomba asomewe meseji ile tena.

"Imelipa," alisema mama.

Toka hapo kila hoja niliyoileta ilijibiwa kwa jibu hilo hilo. Imelipa, Mama Juni. Unabishana na kitu kinacholipa?

Sasa, mimi kazi yangu ni kuuza matangazo redioni. Nimezunguka Kariakoo na karatasi ya bei mpaka soli za viatu zimeisha. Nimesubirishwa kwenye mabenchi, nimeambiwa njoo kesho, nimeombwa punguzo na watu wenye magodoro ya kujaza meli. Kama kuna kiumbe mgumu kutoa shilingi hapa duniani, ni mfanyabiashara anayelipia tangazo. Anataka kujua nani atalisikia, saa ngapi, na kama huyo mtu ana hela. Mtandaoni ndiko wanakobana zaidi. Huko tangazo huuzwa kwa hesabu ya kutazamwa mara elfu, na kwa soko kama letu mara elfu hizo mara nyingi huenda kwa dola moja, mbili, tatu. Ukiifanya dola kuwa shilingi 2,500, mtu mmoja kutazama mara moja ni shilingi mbili na nusu. Tuwe wakarimu, tuseme saba na nusu. Kampuni ya shemeji ilikuwa inamlipa mama mkwe 300.

Niliiandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha ya hospitali, nikaiweka mbele yao. Baba Juni aliiangalia, akasema, "Tutaona," neno analolitumia kwa mambo yote kuanzia siasa mpaka bomba linalovuja. Shemeji alicheka kwa upole.

"Shemeji, hizo ni hesabu za redio. Dunia imeshahama."

Wiki ile ile mama mkwe akatoa hela yake ya machungwa, noti zilizokunjwa ndani ya leso, akajiunga. Daktari alikuwa amemkataza kukodolea mwanga, kwa hiyo kazi ya kubonyeza alipewa Juni, kwa malipo ya shilingi 200 kwa siku. Mtoto wa darasa la tatu! Siku moja nilimsikia akimwonya: "Bibi, ukitazama kwa jicho moja watakulipa nusu."

Dada wa kazi naye akaingia, kwa hela aliyokopeshwa na shemeji. Maharage yakaanza kuungua. Bando la wiki likawa linakwisha siku ya pili, na soketi ya jikoni haikosi simu mbili zinazochajiwa juu ya chombo cha chumvi. Ukiita "leteni maji mezani," unajibiwa na sauti tatu kutoka vyumba vitatu: "Nimalizie tangazo!"

Matangazo yenyewe niliketi nikayatazama, kama mtu wa kazi hiyo. Lililorudi mara nyingi lilikuwa la friji ya milango miwili. Mwanamke aliyevaa viatu virefu anafungua mlango, anatoa tufaha, analinusa, anafunga mlango, anatabasamu, anasema maneno kwa lugha ambayo hapa nyumbani hakuna anayeijua. Bei haikutajwa. Duka halikutajwa. Namba ya simu hakuna. Tangazo lililofuata lilikuwa kipande cha sinema ya Kimarekani ambacho Juni alishakitazama YouTube bure. Kisha friji tena.

Mama mkwe aliifuatilia friji ile siku nyingi, na asubuhi moja, akiwa anachovya mkate kwenye chai, akaniuliza, "Hivi huyu muuza friji, mimi nisiponunua hasikitiki?"

"Hajui kama upo, mama."

"Sasa ananilipia nini?"

Nilidhani tumefika. Sikuwa nimewahi kusikia swali zuri kama hilo, hata kwa mabosi wangu. Mama akatafuna, akafikiri, akamwita Juni aje ambonyezee la tatu.

Shemeji, alipoona ninaendelea kunung'unika, alileta ushahidi. Kwanza picha za ukumbi wa hoteli: keki ya kampuni, fulana za kampuni, mkurugenzi wa kigeni aliyeonekana kwenye skrini tu. Kisha akaleta cheti cha BRELA na namba ya mlipakodi, vyote vimewekwa kwenye fremu. Cheti kilikuwa cha kweli, nami sikukipinga. Nilimwambia tu kwamba cheti cha kuzaliwa si leseni ya udereva. BRELA wanathibitisha kwamba kampuni ipo na imeandikishwa kwa jina fulani. Kuchukua hela za watu kwa ahadi ya kuzirudisha na faida ni ruhusa nyingine, inayotolewa na Benki Kuu, au na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama ni uwekezaji. Nikamuuliza, hiyo ruhusa ya pili iko wapi? Akasema inashughulikiwa. Fremu tukaitundika sebuleni chini ya picha ya harusi yetu, kwa amri ya mama mkwe.

Usiku mama halali mapema, na bandeji inamsumbua. Ndipo nilipoanza kumsomea niliyoyapata. Nilianza na kampuni za kweli, maana zipo. Mwaka 1999 kule California ilianzishwa kampuni iitwayo AllAdvantage. Ulikuwa unaweka kijisanduku cha matangazo chini ya skrini, unazurura zako mtandaoni, nao wanakulipa senti 50 za dola kwa saa. Kiingilio hakikuwepo, hukutoa hata senti. Hela ilitoka kwa wenye matangazo kweli, pamoja na wawekezaji waliokuwa na mamilioni ya kuchezea. Watu wakatengeneza programu za kuisogeza mausi peke yake ili waonekane wanazurura huku wamelala. Februari 2001 kampuni ikafungwa.

"Senti hamsini tu ziliwashinda?" aliuliza mama.

"Kwa saa nzima, mama. Wewe hapa unalipwa 300 kwa nusu dakika ya friji."

Hata sasa ipo mifano halali. Kivinjari cha Brave huwapa watumiaji asilimia 70 ya mapato ya matangazo wanayokubali kuonyeshwa, na hakidai kiingilio. Lakini ukikitumia mwezi mzima, utakachopata huenda kisifike bei ya kilo ya sukari. Nimeona ndivyo zilivyo za halali zote: hazikuombi kitu, na zinakulipa kiduchu mpaka unaona aibu kumsimulia mtu.

Kisha nikamsomea zile nyingine. AdSurfDaily ya Florida: wanachama walilipia vifurushi, wakalazimika kutazama kurasa za matangazo kila siku ili wapate mgawo wao. Agosti 2008 serikali ya Marekani ikakamata zaidi ya dola milioni 50 kwenye akaunti zake, na mwenye kampuni akafungwa mwaka 2012, miaka sita na nusu. Traffic Monsoon ya Utah: kifurushi dola 50, unabonyeza matangazo 50 kwa siku, unarudishiwa 55. Wasimamizi wa masoko ya mitaji waliifikisha mahakamani Julai 2016, wakaonyesha kwamba karibu mapato yote yalitokana na wanachama kununua vifurushi. Wa jana alilipwa kwa hela ya wa leo. Zaidi ya asilimia 90 ya wanachama walikuwa nje ya Marekani.

Hii ya pili nilimsomea mama tena polepole. Wale, pamoja na ulaghai wao, waliahidi 50 irudi 55. Sisi tumeahidiwa 1,500 kila siku kwa kiingilio cha 50,000. Kwa mwaka ni 547,500. Ukiiweka hiyo elfu hamsini benki kwa muda maalum, mwaka ukiisha una elfu tano hivi ya nyongeza na unamshukuru Mungu.

Nikamkumbusha na upatu wa DECI, maana huo anaujua. Watu walipanda mbegu na kuvuna, tena walivuna kweli, mpaka 2009 serikali ilipoisimamisha na viongozi wake wakapandishwa kizimbani Kisutu. Waliovuna mapema ndio waliokuwa mashahidi wakubwa mtaani kwamba DECI ni ya kweli.

"Hao walikosa bahati," alisema mama. Akazima taa. Lakini nilimsikia akigeuka-geuka.

Kilichonitia hasira zaidi hakikutoka kwa mama wala kwa shemeji. Siku moja Juni alirudi na barua ya shule ndani ya daftari la hesabu: ada ya muhula haijafika. Nilimpa Baba Juni barua, akaisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Ada ilikuwa laki sita. Daraja la laki sita lilikuwepo. Yule mtu wa "tutaona" alikuwa ameshaona, kimya kimya, na kwenye pochi yake kulikuwa na simu ya pili niliyokuwa sijawahi kuiona ikicheza tangazo la friji. Sitaandika tulichosemezana. Mama mkwe alihamia kwa jirani mpaka tulipomaliza. Jumamosi iliyofuata tuliuza friji yetu, ya mlango mmoja, pamoja na meza ya kahawa, nami nikaenda shule mwenyewe.

Jumanne moja hela haikutoka. Ujumbe ulisema mfumo unafanyiwa maboresho. Jumanne iliyofuata maboresho yakaendelea, lakini mlango wa kuweka hela ulikuwa mzima kabisa, haukuwa na hitilafu hata ya dakika moja. Ikaja ofa: panda daraja kabla ya Ijumaa, upate mara mbili. Shemeji akapanda. Ikaja nyingine: kwa agizo la mamlaka ya kodi, kila mwanachama alipe asilimia 20 ya salio lake, ndipo akaunti ifunguliwe, hela zitumwe kwenye namba hii. Namba ilikuwa ya mtu binafsi.

"Shemeji," nilimwambia, mama akiwa pale anachambua mchicha, "kodi ya zuio hukatwa na anayelipa. Mimi mshahara wangu unakuja umeshakatwa, sijawahi kuambiwa nitume kodi kwanza ndipo nilipwe. Kama salio lako wanalo wao, si wakate humo?"

Hakunijibu. Alikwenda kukopa kwenye moja ya zile programu za mkopo wa haraka, kausha damu za simu, akalipa. Kesho yake kundi la WhatsApp likafungwa, wakawa wanaandika wasimamizi tu. Keshokutwa hata wasimamizi hawakuandika. Ukifungua programu, salio la mama lilikuwa bado linang'aa, laki saba na ushee, tarakimu za kijani nzuri sana.

Wakaanza kuja watu. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikuja kwanza, kwa adabu, akakaa barazani pale pale pa kware, akakataa chai. Alikuwa ameingia kwa daraja la laki moja na nusu, chini ya shemeji. Akafuata mama wa chapati. Akafuata kijana wa kwaya aliyekuja na wenzake wawili ambao hawakujitambulisha. Shemeji alikuwa chumbani, amejifungia, ananitumia meseji kutoka umbali wa hatua kumi: "Shemeji waambie nimesafiri." Baba Juni ndiye aliyetoka nje kuongea nao, na hilo nitampa. Tatizo la mipango hii ni kwamba aliyekuingiza ndiye unayemjua. Mkurugenzi wa kwenye skrini hana mlango wa kugonga. Tena kwa sheria yetu kuendesha upatu wa namna hii ni kosa la jinai, na asilimia kumi za shemeji zote zimeandikwa kwenye meseji za miamala. Nilimwambia aende polisi akiwa mlalamikaji kabla hajaitwa akiwa kitu kingine. Alikwenda, akarudi na RB.

Kumbe mama naye alikuwa na watu wake. Wanawake 12 wa kikoba chake cha Muheza aliwaingiza kwa simu, usiku, tukidhani anaongea habari za macho. Laki sita. Alitueleza hayo kwenye kikao cha familia akiwa ameketi wima, bandeji imeshatolewa, na hakulia. Alisema tu, "Wale ni wenzangu wa kuzikana." Palepale Baba Juni na shemeji wakapangiwa kiwango cha kuchangia kila mwezi. Mimi sikupangiwa, na kama wangenipangia ningeondoka na friji, ila ilishauzwa.

Nilidhani tumemaliza. Lakini majina ya waliolizwa huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote, na mwezi haukuisha simu ya mama ikalia. Alikuwa kijana mwenye sauti laini, anajiita wakili wa waathirika. Alijua jina la mama. Alijua na salio lake mpaka shilingi ya mwisho. Hela zote zimepatikana, alisema, zipo tayari, inahitajika elfu thelathini tu ya kufungulia jalada.

Shemeji, ambaye siku hizo alikuwa amerudi kula mezani, aliinuka nusu. Nilimwona machoni. Mama akamwashiria akae, akaweka simu sauti kubwa.

"Mwanangu, hela yangu mnayo?"

"Tunayo, mama. Laki saba na kumi na mbili."

"Basi kateni humo humo. Kateni hata laki nzima, nimewasamehe. Nitumieni inayobaki."

"Mama, utaratibu hauruhusu…"

"Laki mbili, basi. Kateni laki mbili."

Kijana akaanza maelezo ya mfumo. Mama akampandishia: laki tatu. Laki nne. Alipofika laki sita simu ilikatwa upande wa pili, na Juni akapiga makofi.

Namba ya yule wakili tumeituma 15040, ile namba ya kuripoti utapeli wa simu. RB ipo kwenye droo na mpaka sasa hakuna aliyekamatwa. Fremu tumeishusha. Shemeji anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya siku, na kila Jumamosi anapeleka elfu kumi kwa fundi cherehani. Mama amesharudi Muheza. Kikoba amekirudishia laki moja na nusu. Laki nne na nusu iliyobaki anasema ataimaliza kwa machungwa ya msimu ujao.